Ukuta wa damu ya mzee

Ukiingia ploti yoyote ya kupangisha hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi Manyatta, Obunga hadi Kondele, aghalabu utakuta kuta zimepakwa kwa mtindo mmoja. Kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno ni rangi ya mafuta, damu ya mzee au kijivu kizito, na juu yake ni krimu ya maji ambayo ilikuwa krimu siku ya kwanza tu. Madarasa mengi ya shule za msingi yako vivyo hivyo. Zahanati nazo, na ofisi za chifu. Muulize fundi sababu, atakujibu bila kusita kwamba rangi nzito inaficha uchafu. Ni kweli inaficha. Lakini nimeishi kwenye vyumba hivi miaka mingi ya utu uzima wangu, nimelea mtoto humo, nimeuguza mtu humo, na naamini mtindo huu unatutoza kitu ambacho hakuna mwenye nyumba anayekiandika kwenye daftari la kodi. Unatuchosha moyo kidogo kidogo, kila siku, hadi tunadhani uchovu huo ni wa maisha tu.

Nasema hivyo nikijua kwamba habari za rangi na hisia zimejaa porojo. Hazipiti siku nyingi kabla ya mtu kunitumia kwenye WhatsApp picha yenye orodha: buluu hutuliza, nyekundu huchochea hasira, njano huleta furaha, kijani huponya. Wazazi wanapaka vyumba vya watoto kwa kufuata orodha hizo, na mafundi nao wanazikariri wakitafuta kazi. Nimekaa nazo muda mrefu, nikasoma yaliyo nyuma yake, na ninachoona ni kwamba rangi inatugusa kweli, ila si kwa njia hiyo ya dawa na ugonjwa.

Tuanze na waridi, kwa sababu kisa chake kinajulikana vizuri. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Alexander Schauss, aliwashawishi wakuu wa gereza moja la jeshi la wanamaji mjini Seattle wapake chumba cha mahabusu waridi iliyokolea. Wakuu wenyewe walikuwa Baker na Miller, na rangi ikaitwa kwa majina yao. Taarifa zikatoka kwamba wafungwa wakali wakiingizwa mle walitulia baada ya dakika chache. Magereza mengine yakaiga. Chuo Kikuu cha Iowa kikapaka waridi chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni za kandanda ya Kimarekani, ili wapinzani walegee kabla ya mechi. Kisha mwaka 2015 watafiti nchini Uswisi wakalipima jambo hilo kwa utaratibu: wafungwa wakagawanywa bila upendeleo, wengine vyumba vya waridi, wengine vyumba vya rangi ya kawaida. Ukali wao haukutofautiana.

Sasa mwambie mtu aliyekulia Nakuru miaka ya 1990 kwamba waridi ni rangi ya kutuliza wafungwa. Kwake yeye waridi ni heroe. Ni ule mkanda uliokuwa ukionekana kwa mbali ukisimama upande wa mjini, ndege kwa maelfu wakizunguka ukingo wa ziwa. Rangi ile wanaipata kwenye chakula: mwani mdogo wa maji ya magadi una viini vinavyoitwa karotenoidi, na viini hivyo ndivyo vinavyotia manyoya waridi. Kuanzia miaka ya 2010 maji ya ziwa yakapanda, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Nina rafiki wa huko ambaye hata leo akiona kitambaa cha waridi hafifu sokoni hukishika kwanza kabla ya kuuliza bei. Hatulizwi na waridi. Anaikumbuka.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo orodha za WhatsApp haziwezi kulibeba: rangi huja na mambo yake, na mambo hayo ni ya mahali.

Nenda Dunga, kando ya Ziwa Victoria, asubuhi ambayo upepo umelisukuma gugu maji hadi ufuoni. Utaona uwanja wa kijani kinachong'aa, umetandazwa hadi jicho linapokomea, na maua ya zambarau hafifu juu yake. Ni mandhari ya kupendeza, na mgeni kutoka Nairobi atatoa simu apige picha. Mvuvi naye amesimama hapo hapo, amekunja mikono. Mashua yake imezingirwa. Nyavu alizotega jana zimeburutwa na gugu, hajui zimefika wapi. Chini ya kijani hicho maji yamekosa hewa, na konokono wa kichocho wanapata pa kujishikiza. Gugu hili asili yake ni Amerika Kusini. Liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka kumi baadaye lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Mama anayenunua samaki ufuoni ili akauze Kibuye akiiona kijani hiyo tangu barabarani anashikwa na tumbo joto, kwa sababu anajua bei imeshapanda kabla hajafika. Mwambie huyo mama kwamba kijani huponya.

Na hapo sijataja siku ya debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards. Mashabiki wa Gor Mahia wakimiminika barabarani na jezi zao za kijani, hakuna aliyetulia mji mzima.

Nyeupe nayo ina kisa chake hapa hapa Kisumu. Wikendi utawakuta waumini wa madhehebu ya Roho wakipita na ngoma, kanzu nyeupe zenye misalaba myekundu, na weupe ule ni shangwe na utakatifu. Mitaa michache mbele wanaishi Wahindu ambao mababu zao walifika huku enzi za reli, ile iliyofika ziwani mwaka 1901, nao wakifiwa huvaa nyeupe. Jiji ni moja, rangi ni moja, na moyo unapelekwa pande mbili.

Sitaki mtu aelewe kwamba basi kila jamii ina rangi zake na hakuna linalolingana. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliokusanya majibu ya watu zaidi ya 4,000 katika nchi 30, kila mmoja akieleza ni hisia gani anazihusisha na rangi gani. Nchi zilikubaliana kuliko nilivyotarajia: nyeusi iliambatana na huzuni, nyekundu na mapenzi na hasira pia, njano na furaha. Lakini nchi zilizo jirani, au zenye lugha zinazokaribiana, zilikubaliana zaidi. Tuna urithi wa pamoja kama binadamu, na juu yake kila pwani na kila ziwa linaongeza lake. Na kuhusisha ni jambo moja, kusikia moyoni ni lingine. Naweza kukuambia nyeusi ni ya huzuni huku nimevaa gauni jeusi nikienda harusini na furaha yangu tele.

Basi kama si jina la rangi linalotushika, ni nini?

Jibu ninaloliamini lilikuwepo tangu mwaka 1994. Wanasaikolojia wawili, Valdez na Mehrabian, waliwaonyesha watu vipande vya rangi na kuwauliza walivyojisikia. Kilichobeba uzito zaidi hakikuwa kwamba rangi ni buluu au nyekundu. Kilikuwa wangavu wake na ukolevu wake. Rangi angavu zilipendeza zaidi, zilizokolea ziliamsha zaidi. Niliposoma hayo nilikumbuka zile kuta zetu, kwa sababu ukitaka rangi isiyo na wangavu wowote, damu ya mzee ndiyo hiyo.

Halafu kuna jicho lenyewe. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba jicho lina kazi moja, kuona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikagunduliwa kwamba ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu. Zinapima mwanga na kuupelekea ubongo habari: ni mchana, amka, ni usiku, tayarisha usingizi. Seli hizi husikia zaidi mwanga wa kibuluu, ule ulioenea angani asubuhi. Zikipata mwanga wa kutosha mchana, mwili unakaa macho, na usiku homoni ya usingizi, melatonini, inatoka kwa wakati wake. Zikikosa mwanga mchana, halafu zikapigwa na mwanga mkali usiku, mpangilio wote unavurugika, na hali ya moyo inavurugika nao.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni unaowapata watu majira ya baridi, siku zinapofupika. Ungedhani sisi hautuhusu. Kisumu iko chini kidogo tu ya ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na mwanga wa nje saa sita mchana unaweza kufika luksi 100,000, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Hata kukiwa na mawingu mazito, nje unapata maelfu. Lakini ingia kwenye chumba kimoja cha ploti, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya usalama, dirisha dogo likitazama ukuta wa jirani mita moja mbele, paa la mabati halina silingi na limeingia masizi. Hapo hata kusoma gazeti ni kazi. Wanawake wengi wenye watoto wachanga hushinda humo kutwa. Wanaoga jua wanapoenda kuteka maji, basi. Nje ikweta, ndani majira ya baridi.

Nimefikiri sana kuhusu nyumba za nyanya zetu, kwa sababu nazo zilikuwa na giza. Kule Siaya na Vihiga wanawake walikandika kuta kwa udongo na samadi, wakachagua udongo wa rangi tofauti kwa juu na chini, wengine wakachora kwa vidole. Ndani kulikuwa na kivuli kizito, na hatukumsikia nyanya akilalamika. Ila nyanya hakuishi ndani. Nyumba ilikuwa ya kulala na kujikinga na mvua. Maisha yalikuwa chini ya mwembe, shambani, mtoni, kwenye ua. Anga ndiyo iliyofanya kazi ya kumwamsha. Mjini tumechukua giza la nyumba ile tukaacha ua wake, na chumba cha futi kumi kwa kumi kimepewa kazi yote: jikoni, sebule, darasa la mtoto, mahali pa mgonjwa. Kuta za chumba kama hicho zinapaswa kufanya kazi ya anga, na damu ya mzee haiiwezi. Rangi nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya sehemu nane kwa kumi ya mwanga unaoigonga. Rangi nzito za namna ile hurudisha kama sehemu moja na kumeza zilizobaki.

Dada yangu alipohamia chumba cha aina hiyo Nyalenda tuliamua kukipaka upya kabla hajaingiza kitanda. Fundi tuliyempata ni mtu wa makamo, mpole, anayejua kazi yake. Alikuna ukuta kwa msasa, akaziba nyufa, kisha akasimama na brashi mkononi akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasisitiza.

"Madam, nyeupe hadi chini mtajuta. Watoto wataandika hapo."

"Wacha waandike, fundi wangu. Tuweke tu ile inayooshwa."

Mkono wa kwanza ulipokauka, damu ya mzee ilikuwa imepenya na ukuta mzima ukawa na rangi ya ufizi. Fundi hakusema kitu, akafungua kopo la andakoti alilokuwa amelileta bila kuambiwa. Juu ya andakoti tukapaka krimu nyepesi sana, karibu na rangi ya maziwa, mikono miwili, na juu kabisa tukapigilia silingi za mbao nyembamba tukazipaka nyeupe. Sikutaka nyeupe tupu ukutani. Jua la Kisumu likiingia mlangoni na kugonga nyeupe tupu linaumiza macho. Kabla ya hapo aliyekuwa akiishi mle aliwasha stima saa nane mchana. Sasa mpwa wangu anafanya kazi ya shule pale mlangoni hadi jioni bila balbu, na tokeni za stima zinakaa. Watoto wameandika ukutani, kweli. Kitambaa chenye sabuni kinatosha.

Dada aliniambia kitu ambacho kipimo cha luksi hakiwezi kukionyesha. Alisema zamani, kwenye chumba alichotoka, akirudi kutoka kazini alikuwa anakaa nje kwa jirani hadi giza liingie, kwa kuwa hakutaka kuingia ndani. Sasa anaingia.

Sisemi rangi inatibu. Mtu aliyezama kwenye sonona, asiyelala wala kula, anahitaji mhudumu wa afya na watu wa kumsikiliza, na ukimpelekea kopo la rangi umemdhulumu. Ninachosema ni kwamba mazingira yanaweza kumwongezea mzigo au kumpunguzia. Mwaka 1984 huo huo, Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wake wa hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo: 23 ambao madirisha yao yalitazama miti, na 23 ambao yao yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walienda nyumbani mapema zaidi na walitumia dawa chache kali za maumivu. Nilipomuuguza mama yangu katika hospitali ambayo sitaitaja, kitanda chake kilikuwa kona ya wodi, miguu ikielekea ukuta ule ule wa rangi ya mafuta, na dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Kitanda kingeweza kugeuzwa bila kugharimu shilingi. Niliomba, nikaambiwa ndivyo vinavyopangwa. Bado linaniuma.

Ni hospitali hizo hizo zilizowahi kuonyesha kwamba rangi inaweza kuchaguliwa kwa akili. Zamani vyumba vya upasuaji vilikuwa vyeupe pe. Daktari mpasuaji akitazama damu muda mrefu kisha akiinua macho kwenye weupe, alikuwa anaona mabaka ya kijani yakielea, juu ya kuumizwa macho na ule mng'ao. Jaribu mwenyewe: kodolea macho leso nyekundu kwa nusu dakika kisha tazama ukuta mweupe. Mwaka 1914 daktari Harry Sherman wa San Francisco alitumia chumba cha upasuaji cha kijani ili macho yapumzike, na ndiko mavazi ya kijani ya madaktari yalikoanzia. Kijani hapo hakikuwekwa kwa sababu kinaponya. Kiliwekwa kwa sababu ya kazi, jicho na kitu kinachotazamwa. Ndivyo ningetaka tufikirie na sisi.

Na usiku nao ufikiriwe. Balbu nyingi za bei nafuu madukani siku hizi ni zile nyeupe za kibuluu, na chumba kikiwa kimoja, mtoto analala chini ya balbu ile ile inayomwangazia mama akipika. Wavuvi wa omena wanalijua jambo hili kwa miili yao. Zamani walitoka na karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wana taa nyeupe za sola, usiku kucha zinawaka juu ya maji, na usingizi wa mchana wanautafuta kwa shida. Kwao ni kazi. Nyumbani si lazima. Balbu ya mwanga wa njano kando ya kitanda haina bei ya kutisha, na taa kubwa ikizimwa saa mbili usiku mtoto anasinzia mwenyewe.

Kwa mpangaji anayetaka kuanza na pesa kidogo, ningemwambia aanze na silingi au upande wa ndani wa paa, kisha ukuta unaokabili mlango, kwa sababu huo ndio unaopokea mwanga na kuutawanya. Kuta nyingine zisubiri mwisho wa mwezi. Na kama mwenye nyumba anasikia, mwombe abadilishe bati moja la paa aweke la plastiki linalopitisha mwanga. Jua la mchana likishuka kutoka juu, chumba kinabadilika kuliko kwa rangi yoyote. Lina joto kiasi, kwa hiyo lisiwe juu ya kitanda.

Mwenye ploti ya dada yangu alikuja kukagua, akaguna, akazunguka chumba, akagusa ukuta. Baada ya wiki chache majirani wakaanza kumwomba na wao wapakiwe. Amesema kazi itafanywa Desemba, wapangaji wengi wakiwa wameenda ushago na vyumba viko wazi. Tumekubaliana kuta za ndani ziwe krimu hadi sakafuni, na damu ya mzee ibaki nje, chini ya ukuta wa barazani, mahali ambapo mvua hurusha matope.